Babu Msuba, baba Mjaluo, mtoto Mdigo: kabila ni damu au lugha?

Swali la msomaji: "Babu yangu mzaa baba alizaliwa Rusinga, na mpaka anafariki alisema sisi ni Wasuba. Baba yangu hajui Kisuba hata neno. Yeye ni Mjaluo, na ukimwambia vingine mnakosana. Mimi nimezaliwa Likoni, Kiswahili ndiyo lugha yangu, Kijaluo changu ni cha kuombea maji. Nimeolewa na Mdigo. Juzi mtoto wetu wa miaka minane karudi na kazi ya shule: aandike kabila lake na maneno matano ya lugha ya mama. Akaniuliza, 'Mama, kwani mimi ni nani?' Baba yake akajibu 'Mdigo' bila hata kuinua macho kwenye simu. Mimi usingizi umenipaa. Kabila ni damu au ni lugha? Na baba yangu, kwa kujiita Mjaluo, ametudanganya?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukera. Baba yako hajadanganya. Babu yako naye hakudanganya. Kila mmoja alijibu swali lake. Babu aliulizwa na watu wa kisiwani Rusinga, huko Ziwa Victoria, wanaojua nani ni mjukuu wa nani na babu wa babu yake alitua ufuo upi. Baba yako ameulizwa na makarani, walimu, waajiri na majirani wa Likoni. Kabila ni jibu, na jibu humfuata muulizaji. Lakini halibadiliki ovyo ovyo. Lina kanuni zake, na kwa bahati nzuri ukoo wako ni mfano mzuri kuliko mingi niliyowahi kufundishia.

Turudi Rusinga kwanza. Wengi wa mababu wa Wasuba walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga katika karne ya 18, wakatua Rusinga, Mfangano na Gwassi. Lugha yao ilikuwa ya Kibantu, na huhitaji shahada kuliona hilo. Rusinga kuna sehemu zinaitwa Waware na Wanyama. Hiyo wa- ya mwanzo unaijua, ni ile ile ya "watu". Kijaluo hakina kitu hicho. Watu wa mahali fulani kwa Kijaluo ni jo-, na koo nyingi huanza na ka-. Yaani watu walibadili lugha, majina ya ardhi yakakataa kuhama.

Kisuba kilikwenda wapi basi? Hakuna aliyekipiga marufuku. Kilitokea mlango wa jikoni. Mwanamume Msuba alioa binti wa Kijaluo, na bibi harusi huyo hakuja mikono mitupu, alikuja na lugha yake. Mtoto hubembelezwa na mama, hukaripiwa na mama, hutumwa kuni na mama. Baba yuko ziwani na nyavu zake. Kizazi kimoja tu kikipita hivyo, unapata kijana anayeelewa Kisuba cha baba lakini akikasirika hukasirika kwa Kijaluo. Halafu yakaongezeka ya kutoka juu. Waadventista walipofungua misheni Gendia mwaka 1906, maandishi yaliyoenea baadaye makanisani na shuleni kando ya ziwa yalikuwa ya Kijaluo, na mtoto wa Rusinga aliyetaka kusoma alisoma kwa lugha hiyo. Na kulikuwa na la aibu pia. Wajaluo walikuwa na neno kwa watu wa lugha za Kibantu, jamwa, na halikuwa neno la heshima. Mzazi gani anataka mwanawe aitwe jamwa uwanjani?

Niliwahi kukaa na mzee mmoja Mfangano akihesabu ngege aliowaleta mvuvi wake. Wajukuu walikuwa wamemzunguka, wote wanaongea Kijaluo, naye anawajibu kwa Kijaluo. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kila samaki anapoingia kapuni. Nikamsogelea. Alikuwa akihesabu kwa Kisuba, chini chini, kama mtu anayesali. Alipofika mwisho akainua kichwa na kutangaza jumla kwa Kijaluo. Nilimuuliza mjukuu mkubwa kama anajua babu amehesabuje. Akacheka, akasema babu huwa ananung'unika tu.

Hapo kuna kanuni ya kwanza. Katika jamii zinazohesabu kuumeni, jina huja na baba, lugha huja na mama. Mambo haya mawili yakipishana, pengo hilo huwa halidumu. Kizazi cha kwanza huwa hakuna tatizo: babu yako aliweza kuwa Msuba anayesema Kijaluo, kwa sababu Kisuba alikisikia kwa babake. Kizazi kinachofuata kinazaliwa ndani ya Kijaluo, kinaoa Wajaluo, kinazika kwa desturi za Kijaluo, na jina linaanza kuvutwa lilipo lugha. Wataalamu wa isimujamii, Joshua Fishman akiwa mmoja wa waliolichunguza sana suala hili, wameuona mpangilio huo sehemu nyingi za dunia: bibi ana lugha moja, mama ana mbili, mjukuu anarudi kwenye moja, lakini si ile ya bibi. Baba yako hakuamka siku moja akaamua kuukana ukoo. Alikuta jina limeshahama, akahamia naye.

Na si yeye peke yake. Tom Mboya, yule mwanasiasa, kwao ni Rusinga, na ukoo wake ni wa Kisuba. Alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge upande wa Thika, baba yake akiwa mfanyakazi huko. Alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, nchi nzima ilimlilia, na ikagombana, kwa hesabu kwamba ameuawa Mjaluo. Kaburi lake liko Rusinga. Kwa siasa za Kenya alikuwa Mjaluo, kwa wazee wa kisiwani alikuwa mtoto wa nyumba fulani ya Wasuba, na sijawahi kusikia kwamba mambo hayo mawili yalimnyima usingizi.

Sasa usichukue kanuni hiyo ukaifanya sheria ya Musa. Kuna mahali lugha ilibaki na jina likabadilika. Nenda Songea. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, na watu wake walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, wakiwa na lugha ya Kinguni, ndugu ya Kizulu. Baada ya kifo chake wafuasi wake waligawanyika, na baadhi yao wakaishia kusini mwa nchi inayoitwa leo Tanzania. Walikuwa wachache na waliteka wengi. Vijana waliotekwa waliingizwa jeshini, wasichana wakaolewa, na hao wasichana wakawalea watoto wa Wangoni kwa lugha za kwao. Leo Kingoni cha Songea ni lugha ya wenyeji wa pale, ikiwa na maneno machache tu ya Kinguni. Jina la mteka, ulimi wa mtekwa. Ukiangalia kwa makini ni kanuni ile ile ya mama na baba, ila safari hii jina ndilo lililokuwa na faida, kwa hiyo ndilo lililoshikiliwa.

Neno hilo "faida" usilipite haraka, kwa sababu ndilo linaloeleza habari ya Wayaaku. Hawa ni watu wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, waliokuwa wawindaji na wafuga nyuki. Mahari yao ilikuwa mizinga. Mwanzoni mwa karne ya 20, majirani wao wafugaji walianza kuoa mabinti wa Kiyaaku na kulipa mifugo. Jiweke mahali pa baba wa binti: huyu analeta mizinga, huyu analeta ng'ombe. Muda si muda mahari ikawa mifugo kwa kila mtu, na kijana wa Kiyaaku asiye na mifugo akawa hana pa kuoa. Kwa hiyo wakatafuta mifugo. Pamoja na mifugo vikaja Kimaasai, majina ya Kimaasai, rika za Kimaasai. Katika muda wa vizazi viwili hivi, lugha yao ya Kikushi ikabaki kwa wazee wachache. Wamaasai walikuwa na jina la watu wasio na ng'ombe, Iltorobo, na kwao ilikuwa ni tusi la ufukara. Hakuna mtu alisema "tubadili kabila". Walisema "mwanangu naye aoe".

Ajabu ni kwamba miaka ya 2000 ilipoanza, wajukuu wa watu hao walianza kusema tena "sisi ni Wayaaku" na kuwatafuta wazee wale wachache wawafundishe maneno. Kwa nini wakati ule? Mapenzi ya asili yapo, sikatai. Lakini pia ndio wakati ambapo kuwa jamii ya asili ya msituni kulianza kumpa mtu sauti kuhusu msitu huo. Wasuba nao hivyo hivyo. Katika miaka ya 1990 walipata wilaya yenye jina lao, Kisuba kikaanza kufundishwa katika baadhi ya shule, na sensa ya 2009 na ya 2019 zikaonyesha Suba kivyake, mbali na Luo. Watu ambao baba zao walijiandika Luo wakaanza kujiandika Suba, huku nyumbani wakiendelea kuongea Kijaluo. Ukiwauliza watakwambia wamerudi kwao. Mimi nasema wameulizwa swali jipya.

Umeuliza kuhusu damu. Damu ipo, ila husikilizwa kwa sikio moja. Una mababu wanane ukipanda vizazi vitatu tu, na kabila linakutaka umtaje mmoja. Wale saba je? Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Pwani, Manda, Mtwapa na Kilwa miongoni mwake, wengi wao waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Iligundulika kwamba kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na imetoka hasa kwa wanawake. Sehemu ya Asia imetoka kwa wanaume, na kwa kiasi kikubwa ni Waajemi. Mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Yaani zile hadithi za Washirazi ambazo wasomi wengi walizipuuza kwa miaka zilikuwa na chembe ya ukweli, na wale waliowaita Waswahili wageni walikuwa wamekosea zaidi. Lakini tazama lugha yao: Kiswahili, lugha ya Kibantu. Baba Mwajemi aliacha jina la mji wake, mama akaacha kila kitu kingine kilichosemwa ndani ya nyumba. Umeona tena?

(Usije ukanunua kile kipimo cha mate kinachouzwa mtandaoni ukidhani kitakutengulia kitendawili. Kinaweza kukuonyesha asili ya eneo pana. Hakiwezi kukwambia kama babu yako aliitwa Msuba au Mjaluo. Majina hayo hayamo kwenye damu.)

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko damu na lugha, na ambalo watu wengi hulisahau: karatasi. Mwafrika wa Kenya alianza kubeba kipande kwa lazima karibu mwaka 1920, kikiwa kwenye kikasha cha bati shingoni, na ndani yake pamoja na jina na alama ya kidole kulikuwa na kabila. Mpaka leo kitambulisho twakiita kipande. Kabla ya hapo mtu angeweza kuwa Msuba akiwa Rusinga na kitu kingine akiwa safarini. Karani alikuwa na nafasi moja ya kujaza, na alichoandika kikamfuata mtu huyo na watoto wake. Hata neno lenyewe lilisogea. Wazee wa Mombasa waliita makundi yao taifa: Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa wa Mvita, Jomvu, Mtwapa, Pate na wenzao, na Thelatha Taifa wa Changamwe, Kilindini na Tangana. Leo taifa ni nchi nzima, na yale yaliyokuwa mataifa kumi na mawili yamekuwa koo za kabila moja kwenye fomu.

Karatasi huzaa makabila, usishangae. "Kalenjin" maana yake ni "nakwambia". Lilienea miaka ya 1940, likisaidiwa na matangazo ya redio wakati wa vita, kuwaunganisha Wanandi, Wakipsigis, Watugen na ndugu zao ambao lugha zao zilielewana lakini hawakuwa na jina moja. Mijikenda, jina ambalo mume wako yumo ndani yake, ni la miaka hiyo hiyo; kabla yake watu wa Pwani waliwaita Wanyika, watu wa porini, na haishangazi kwamba walitafuta jina lingine. Msukuma kwa asili ni "mtu wa kaskazini" kwa lugha ya jirani yake wa kusini. Wapemba wamekuwa wakivua na kuishi Kilifi na Kwale kwa vizazi, na mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua kuwa jamii mojawapo ya Wakenya. Kisiwani kwenyewe Mpemba ni mtu wa Pemba, basi. Alipovuka mpaka jina la kisiwa likawa kabila. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kufanya kazi mashambani, walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ili watambuliwe na kupewa vitambulisho. Hao hawakuwa na shida ya kujijua. Walijijua sana. Shida ilikuwa orodha ya serikali haikuwa na mstari wao.

Na mstari ukiwa na gharama, watu huuhama. Unguja na Pemba, sensa ya 1924 ilihesabu Waswahili zaidi ya 30,000. Sensa ya 1931 ikapata kama 2,000. Hakukuwa na tauni wala vita. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, kwa hiyo watu walewale, katika nyumba zilezile, wakijibu kwa Kiswahili kilekile, walisema wao ni Washirazi, au Wahadimu, au Watumbatu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula ukafuata makundi, na kundi lako likawa na neno kuhusu kama unakula mchele. Mwaka 1957 jina hilo la Shirazi likaingia mpaka kwenye jina la chama, Afro-Shirazi. Sioni unafiki hapo. Naona watu waliowekewa swali lenye ncha, wakalijibu wasije wakajikata.

Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norway, alitoa hoja mwaka 1969 ambayo bado inanisaidia: kinachofanya kabila liwe kabila ni mpaka, wala si mzigo wa desturi uliomo ndani. Watu huvuka mpaka huo, mila hubadilika, lugha hubadilika, na mpaka unabaki. Mimi ningeongeza kwamba zamani mpaka ulikuwa ua wa miti, na serikali imeujengea ukuta.

Ndiyo maana hali ya mtoto wako si sawa na ya babu yako. Mtoto anayesema Kiswahili tu, aliyezaliwa Likoni, kwa kanuni za miaka 150 iliyopita angekuwa njiani kuwa Mswahili. Mdigo au Mgiriama aliyesilimu na kuhamia mjini aliitwa mahaji, watoto wake wakaoa mjini, na wajukuu wakapokewa katika mojawapo ya yale mataifa kumi na mawili. Leo mlango huo umerudishwa nusu. Kuna ardhi inayodaiwa kwa jina la wenyeji. Kuna sheria ya mwaka 2008 inayosema taasisi ya umma isiwe na wafanyakazi zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja, kwa hiyo fomu ya kazi inataka kujua. Kuna kura. Mtoto wa Nairobi anayeongea Sheng peke yake, asiyeweza kumsalimia nyanyake, bado atakwambia yeye ni Mkamba, na anaamini. Kwa babu yako jina lilikuwa udongo uliolowa, kwa baba yako lilikuwa linakauka, mtoto wako amelikuta tofali.

Tanzania walijaribu kitu kingine. Sensa yao haijauliza kabila tangu ile ya 1967. Je, makabila yamekufa? Hata kidogo. Muulize kijana wa Dar es Salaam, atakujibu: "Baba Mhehe, mama Mchaga, mimi Mhehe, ila Kihehe sijui." Jibu ni la kuumeni kama kawaida. Tofauti ni kwamba halimgharimu kitu, kwa hiyo analisema akicheka, na mtani wake anapata pa kuanzia. Kwa upande mwingine, Tanzania ukimwita mtu Mswahili anaweza kudhani umemwita mjanja wa maneno.

Haya, tuje kwa mtoto. Mume wako amesema Mdigo akarudi kwenye simu yake, na kwa hesabu ya leo yuko sawa. Kwa hesabu ya kwenu pia yuko sawa: Wajaluo na Wasuba wote huhesabu kuumeni, kwa hiyo kwenu mtoto ni wa babake. Lakini hapa pana jambo ambalo pengine mume wako halijui, au analijua na amenyamaza. Wadigo wa zamani walihesabu sana kukeni. Urithi ulipita kwa mjomba, na mtoto alikuwa wa ukoo wa mamake. Uislamu na mahakama vilibadilisha mambo, na Wadigo wengi sasa wanahesabu kwa baba. Ila ungeenda na mtoto huyu kwa wazee wa Kidigo wa miaka 150 iliyopita, wangekuuliza wewe ukoo wako. Yaani mila za kwenu zinampeleka kwa baba, na mila za kale za kwa baba zinamrudisha kwako. Katikati ya heshima hizo mbili, mtoto anasimama mlangoni na daftari.

Kwa hiyo mwambie nini? Ana miaka minane. Usimpe mhadhara kama huu. Mwambie kwamba watu wataendelea kumuuliza swali hilo maisha yake yote, na kwamba halazimiki kutoa jibu fupi kuliko ukweli. Kwenye daftari aandike: "Mdigo. Kwa mama, Mjaluo wa ukoo wa Kisuba." Mwalimu akilalamika kwamba nafasi ni moja, aandike pembeni. Hakuna sheria inayomkataza. Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha na kushiriki utamaduni anaoupenda, na inakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata mila. Haikutaja idadi ya tamaduni.

Na yale maneno matano. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, lugha ya mama ya mtoto wako ni Kiswahili, kwa sababu mama ni wewe na hiyo ndiyo unayomkaripia kwayo. Angeandika "ugomvi, sukari, lala, njoo, simu" angekuwa amejibu kwa haki kabisa. Najua si hayo mwalimu anayoyataka. Manne achukue kwa bibi yake mzaa baba. Mtahadharishe tu kwamba Kidigo na Kiswahili ni ndugu wa karibu mno; akiandika madzi, mwalimu asiye wa Pwani atadhani amekosea kuandika maji, kwa hiyo aweke maana kando ya kila neno.

La tano litoke Rusinga. Baba yako usimsukume. Ameshajibu swali lake, na kumtaka alijibu upya akiwa na umri huo ni kumwambia kwamba maisha yake yote alijitambulisha kimakosa. Lakini babu yako lazima aliacha dada, au binamu, au mjane wa mtu aliyebaki kisiwani. Usimuulize "sisi ni kabila gani", maana atakujibu kwa kuangalia nani anauliza. Muulize majina ya samaki. Muulize upepo wa asubuhi unaitwaje na wa jioni unaitwaje, na nyanyake alipokasirika alisema nini. Lugha ikiondoka nyumbani, vitu hivyo ndivyo huchelewa kufuata. Halafu mwombe amhesabie mtoto moja hadi kumi kwa Kisuba. Weka simu kwenye spika, na bonyeza kurekodi kabla hajaanza, kwa sababu wazee wengi huhesabu mara moja tu na kwa sauti ya chini.